Mkia Haujapita

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kikombe cha chai mkononi, nikimtazama mwanangu akitia mafuta mnyororo wa baiskeli yake. Nasema mwanangu, ingawa alizaliwa na mdogo wangu, ambaye alifariki mtoto akiwa na miaka mitano. Tangu hapo nilimlea mimi. Akaniita Mama Mkubwa, na alipotaka kunichekesha aliniita Mwalimu, kama ninavyoitwa na nusu ya watu wa mtaa huu.

"Mama Mkubwa, nikirudi na tope mpaka masikioni usiniulize kitu. Nipe ndoo tu."

"Ndoo unaijua ilipo. Bomba unalijua. Na mikono nakuona unayo miwili."

Alicheka, akavaa kizibao chake cha njano na glavu zake nyeusi, akatoka. Getini aligeuka akanipungia. Hivyo tu. Sikumwambia neno lolote la maana, kwa sababu nani husema maneno ya maana asubuhi ya Jumamosi?

Nyuma ya mji wetu kuna vilima. Ukiteremka kituo cha mwisho cha basi unaviona, vimepangana kama migongo ya ng'ombe waliolala. Zamani waliopanda huko walikuwa wakata majani na mbuzi wao. Kisha klabu ya waendesha baiskeli ikachonga njia nyembamba zinazojipinda katikati ya miti, juu ya mizizi na mawe, na kila mwisho wa wiki watu wa mjini wakawa wanapanda: wauguzi, waoka mikate, makarani, kila mtu na kofia yake ngumu. Mwenye klabu alikuwa na duka kubwa la baiskeli. Walimwita Kapteni.

Sasa nieleze jambo moja polepole, kwa kuwa hadithi yote imesimama juu yake.

Njia za vilimani zina njia panda nyingi, na mgeni hupotea upesi. Basi klabu ilikuwa na utaratibu. Mbele huenda kiongozi wa siku. Kila akifika njia panda humwacha mtu mmoja pale, asimame, anyooshe mkono kuwaonyesha wenzake njia. Wote humpita. Wa mwisho kabisa huitwa mkia. Mkia akifika, humwambia aliyesimama, "Mkia umepita, twende." Hapo ndipo yule hushusha mkono, akapanda baiskeli na kutangulia mbele ya mkia. Kabla hajasikia maneno hayo haondoki. Hata inyeshe.

Mwanangu alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote, hata wakampa jina la Mshale.

Utaratibu huo haukuzaliwa na baiskeli. Ni wangu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka thelathini na minne, na kila muhula niliwapeleka watoto maktaba ya mjini kwa miguu, watoto sitini na mwalimu mmoja. Kila kona niliacha mtoto anyooshe mkono. Niliwafundisha wahesabu moyoni wanapongoja, maana mtoto anayehesabu haogopi. Na niliwaahidi kitu. Niliwaambia, "Mkia akipotea, mwalimu mwenyewe atarudi kukuchukua. Usiondoke." Mwanangu naye alipita darasani kwangu. Mwingine wa watoto hao alikua akawa fundi wa baiskeli, na yeye ndiye aliyeupeleka utaratibu ule klabuni. Aliponisimulia niliona fahari. Mungu anisamehe fahari ile.

Siku hiyo mwanangu aliachwa kwenye njia panda iliyo juu kabisa, penye nguzo ya mbao. Mkono wa kulia njia inapanda msituni. Mkono wa kushoto inateremka mtoni. Aliambiwa aonyeshe kushoto.

Mvua ilianza saa sita mchana. Saa moja jioni nilimpigia simu Kapteni. Akasema wote wameteremka salama, vijana watakuwa wamekwenda kujifurahisha, nisiwe na wasiwasi. Nikamwamini. Nikapasha maji ya kuoga, nikaiweka ndoo mlangoni.

Wakata majani walimkuta Jumapili asubuhi. Alikuwa amekaa, mgongo kwenye nguzo, macho wazi. Baiskeli ilikuwa imelazwa vizuri kando ya njia, upande wa mnyororo juu, kama inavyotakiwa. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye begi pamoja na simu, na begi lilikuwa kwenye gari la klabu, kwa sababu wote huweka mabegi yao garini. Daktari alisema ni baridi na kifua.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka, na kidole cha shahada kilionyesha kushoto.

Mkono ule haukukunjika. Daktari aliniambia ugumu wa maiti hulegea baada ya siku mbili. Tulimzika siku ya nne. Wahudumu walijaribu kwa maji ya moto, wakajaribu kwa nguvu, wakanijia wakitazama chini. Mwishowe seremala alitengeneza jeneza lililotanuka upande mmoja. Glavu ya kulia nilikabidhiwa kwenye bahasha pamoja na saa yake. Ya kushoto haikuvulika. Alizikwa nayo.

Kaburini Kapteni alisimama akatoa hotuba. Alisema Mshale alikuwa kijana wa bidii, ila siku ile aliacha kituo chake, akazurura, akapotea, akarudi pale wenzake wakiwa wameshapita. "Iwe funzo kwa vijana wetu," alisema, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma.

Mimi si mtu wa hasira. Waulizeni wote niliowafundisha. Lakini pale kaburini nilihisi kitu kikiwaka chini ya mbavu zangu, na hakijazimika mpaka leo. Kufa mwanangu amekufa. Kwa nini azikwe na uongo juu yake? Mtoto niliyemwambia "ngoja," akangoja mpaka pumzi ya mwisho, leo anaitwa mzururaji mbele ya shimo lake!

Hasira ile niliielekeza kwa fundi. Siku zote mkia alikuwa yeye. Niliamini alichoka, akakata njia, akamwacha mwanangu. Nikaacha kumwitikia salamu. Nikipita kibandani kwake niligeuza uso ukutani kama anayesoma matangazo.

Miezi ikapita. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na machimbo ya kokoto, na machimbo yale yalikula kilima kidogo kidogo mpaka yakaifikia ile njia ya kushoto. Ukishuka hatua mia tu kutoka kwenye nguzo, njia inakatika. Chini ni shimo la kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Klabu ikafunga kamba upande wa kushoto, ikahamishia watu kulia.

Wa kwanza kuanguka alikuwa muuguzi wa mtaa wetu. Alivunjika paja na mtulinga. Nilipokwenda kumtazama hospitalini alinishika kiganja akanivuta karibu.

"Mwalimu, sikuona kamba. Niliona kijana. Amevaa kizibao cha njano, amenyoosha mkono kushoto. Nikamshukuru."

"Akakujibu nini?"

"Hakujibu. Alikuwa anahesabu. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi."

Matunda niliyompelekea niliyasahau mapajani mwangu, nikatoka nayo.

Wa pili alikuwa muoka mikate, mtu mnene, mcheshi, asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa. Yeye alinaswa na kisiki ukingoni, gurudumu la mbele likibembea juu ya shimo. Aliporudi juu kumtafuta kijana yule amkaripie, hakumkuta mtu. Mvua ilikuwa inanyesha. Ardhi yote ilikuwa imelowa. Ila kando ya nguzo kulikuwa na alama mbili za nyayo zilizokuwa kavu, kavu kama vumbi la kiangazi, na mvua ilikuwa inapita pembeni yake.

Nilikaa jikoni siku nzima nikifikiri. Mwanangu hakuwa na nia mbaya na mtu. Alikuwa anafanya kazi aliyopewa. Hakuna aliyemwambia njia imehamishwa. Hakuna aliyemwambia mkia umepita.

Jumatatu niliona tangazo kwenye kioo cha duka la Kapteni. Jumamosi ijayo, matembezi ya baiskeli kwa watoto wa shule, darasa la pili hadi la nne. Shule yenyewe ni ile niliyofundisha mpaka nikastaafu. Watoto thelathini na wawili. Njia yao ilipita kwenye nguzo ile.

Mtoto wa darasa la pili akionyeshwa kushoto na mtu mzima mwenye kizibao huenda kushoto. Haulizi. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha asiulize.

Nikaenda kwa fundi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, gurudumu mapajani, akikaza spoki. Kuniona tu akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

Sikuitikia. "Umemwona?"

"Nani, Mwalimu?"

"Usinichezee. Ulikuwa unanichezea hivyohivyo tangu una meno mawili mdomoni."

Tabasamu lilimjia likafia njiani. Akatazama barabarani, kisha akanong'ona, "Mara tatu. Sipiti tena kule."

"Kesho utapita. Utasimama mbele yake umwambie mkia umepita."

"Mwalimu..."

"Kazi uliyoiacha, kaimalize."

Alitaka kusema kitu. Nilimwona akikitafuna. Nikaondoka kabla hajakitema, na kosa hilo ni langu.

Kesho yake adhuhuri alikuja kwangu kwa miguu, akiisukuma baiskeli. Alikuwa amepauka kama chaki. Nilimpa maji. Akayanywa yote.

"Nilisimama hatua tano kutoka kwake," alinong'ona. "Nikasema, mkia umepita, twende. Akaacha kuhesabu. Akanitazama, Mwalimu. Akatikisa kichwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anajua." Machozi yalimtoka, mtu mzima yule, na mikono yake ya mafuta meusi. "Siku ile mkia sikuwa mimi."

Akanisimulia, na mimi nikasikiliza nimesimama. Dereva wa klabu hakuja siku ile, Kapteni akamwambia fundi aendeshe gari la mabegi. Kapteni akasema mkia atakuwa yeye mwenyewe. Mvua ilipoanza, Kapteni alikuwa nyuma na wageni wake wawili. Wakachoka. Wakageuza, wakateremka kwa barabara ya lami.

"Nilimuuliza, na Mshale? Akasema, Mshale ana akili, atateremka mwenyewe."

"Begi lake lilikuwa wapi?"

"Garini. Kiti cha mbele. Nililifunga mkanda lisianguke."

"Miezi minane," nikasema. "Miezi minane unanipita mlangoni."

"Kibanda changu kiko kwenye kiwanja chake, Mwalimu. Nina watoto."

Katika miaka thelathini na minne sikumpiga mtoto hata mmoja. Siku ile mkono wangu ulijinyanyua wenyewe. Niliushusha kwa kuushika na ule mwingine. Kisha nikaenda moja kwa moja kwenye duka la Kapteni, hata kilemba sikukifunga vizuri.

Baiskeli zilikuwa zimening'inizwa darini kama nyama buchani. Kapteni alifungua mikono. "Mwalimu! Karibu, mama, karibu. Tunamtafutia mjukuu baiskeli?"

"Nani alikuwa mkia?"

Mikono ikashuka. Alikwenda akafunga mlango wa kioo, akarudi, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Mama, umri huo si wa kupanda na kushuka. Kapumzike."

"Kamwambie mwenyewe. Nenda kwenye nguzo umwambie umepita. Au ahirisha safari ya watoto. Chagua moja."

"Sina muda wa mizimu. Wazazi wameshaarifiwa, watoto watapita."

"Watu wawili wameanguka."

"Watu wawili hawajui kusoma kamba." Akainama karibu na sikio langu. "Na aliyelala kaburini hatoi ushahidi."

"Njia ya mwongo ni fupi, Kapteni."

"Ndiyo maana nauza baiskeli za mwendo wa kasi, mama." Akacheka mwenyewe. Akanifungulia mlango kwa adabu zote.

Nilikwenda shuleni pia. Mwalimu mkuu mpya, kijana mpole, alinisikiliza akinitazama kwa jinsi watu wanavyomtazama mfiwa. Alisema atalifikiria.

Ikabaki Ijumaa.

Fundi alinisindikiza hadi chini ya kilima. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu ulikuwa umelala juu ya miti. Goti langu la kulia ni bovu, nilikuwa na fimbo. Alitaka twende wote.

"Ngoja hapa," nikamwambia. "Mpaka nirudi usiondoke."

Neno lile lilipotoka kinywani tulitazamana.

Nilipanda. Njia ile ni nyembamba kama mshipi, tope jekundu, mizizi kama vidole. Nilipumzika mara sita. Kila nilipopumzika ukungu ulisogea karibu. Ndege walikuwa wanalia chini kule. Juu hapakuwa na ndege.

Nilifika kwenye nguzo. Hapakuwa na mtu.

Niliona kamba. Ilikuwa imefunguliwa. Haikukatwa. Ilikuwa imekunjwa vizuri, mara nne, ikawekwa juu ya jiwe. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha watoto wangu kukunja kamba ya kuruka.

Nikageuka.

Alikuwa amesimama penye nyayo.

Kizibao kilikuwa cha njano vilevile. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, na mvua haikuwa inanyesha. Mkono wa kushoto umenyooka. Filimbi ya kifua inapanda, inashuka. Usiku mwingi nimeisikia filimbi ile kupitia ukuta wa chumba chake. Nikaijua.

Midomo yake ilikuwa inacheza.

"...milioni ishirini, laki saba, elfu moja na tatu. Milioni ishirini, laki saba, elfu moja na nne."

Sekunde. Alikuwa anahesabu sekunde.

"Mwanangu," nikasema.

Hakunitazama. Alitazama nyuma yangu, kule mkia unakotokea.

"Mkia umepita. Twende."

Akatikisa kichwa. Polepole. Elfu moja na kumi. Elfu moja na kumi na moja.

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Nilitaka kupiga kelele, na wa kumpigia hakuwa yeye. Alikuwa yule aliye chini mjini, anayeuza baiskeli za mwendo wa kasi. Nilisaga meno mpaka taya likauma. Kisha nikakumbuka kwamba kuna deni jingine, na hilo si la Kapteni.

Niliwaahidi watoto. Usiku ule mvua ikinyesha, mwanangu hakuwa anamngoja Kapteni tena. Alishajua Kapteni haji. Alikuwa ananingoja mimi. Na mimi nilikuwa jikoni napasha maji.

Nilitupa fimbo. Nikanyoosha mgongo. Nikatafuta sauti yangu ya darasani, ile ya asubuhi, na nikaipata.

"Mkia amepotea," nikasema. "Mwalimu amerudi mwenyewe."

Hesabu ikakoma.

Akanitazama. Macho yake hayakupepesa. Midomo ikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya kijana wa miaka ishirini na mitatu. Ilikuwa ya mtoto wa miaka mitano.

"Umechelewa, Mwalimu."

"Nimechelewa. Nisamehe. Tangulia, niko nyuma yako."

Mkono ukaanza kushuka. Ulishuka kwa mlio, kama bawaba ya mlango wa zamani. Sikufumba macho. Nilikuwa nimemwacha peke yake mara moja, sikutaka kumwacha tena hata kwa kupepesa. Ukafika ubavuni. Ukungu ukampitia mbele, na ulipokwisha kupita, penye nyayo palikuwa pamelowa kama kwingine kote.

Niliifunga kamba upya, mafundo matatu. Nikaanza kuteremka. Mbele yangu, hatua kumi hivi, sikuona kitu. Lakini nilisikia tairi likikanyaga tope, na ule mlio wa tik-tik-tik wa baiskeli inayoteremka bila kukanyagwa. Ulikwenda polepole. Ulikuwa unangoja goti langu.

Fundi nilimkuta palepale nilipomwacha. Alikuwa amejibana kwenye mti.

"Ulikuwa na nani, Mwalimu?" alinong'ona. "Kuna baiskeli imenipita. Sikuiona."

"Marahaba," nikamwambia. Nilikuwa nadaiwa majibu ya salamu zake za miezi minane.

Jumamosi watoto thelathini na wawili walikwenda na thelathini na wawili wakarudi. Muoka mikate alijitolea kusimama penye nguzo na kuonyesha kulia, fundi akawa mkia. Hakuna aliyeona mtu mwingine. Kapteni alipiga nao picha, akasimama katikati, akacheka na meno yote. Mzazi mmoja akamuuliza kuhusu yule kijana aliyefia huko. Nilikuwa karibu, nikasikia. Akasema, "Yule alikuwa mkaidi, aliacha kituo."

Kitu kile chini ya mbavu kikawaka tena.

Jumapili nilifungua droo ninamoweka saa yake na glavu yake ya kulia. Glavu zilikuwa mbili.

Ya kushoto ilikuwa juu. Ilikuwa mbichi, na kwenye mishono yake kulikuwa na udongo mweusi. Udongo wa vilimani ni mwekundu. Mweusi ni wa makaburini. Vidole vinne vilikuwa vimelegea. Cha shahada kilikuwa kimesimama kimenyooka, ingawa ndani hapakuwa na kitu. Niliingiza penseli kuhakikisha.

Nikaiweka mezani, nikaielekeza dirishani. Nilipotoka kuoga ilikuwa imegeuka. Nikaigeuza tena, nikaenda kuanika nguo. Niliporudi ilikuwa imegeukia upande uleule. Upande ule ni barabara kuu, na kwenye barabara kuu, ng'ambo ya kona, ni duka la Kapteni.

Nami nilimfundisha mtoto yule kwamba akionyesha njia, mtu hufuata.

Jumanne asubuhi niliivaa. Ilinienea, ingawa mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Nilikwenda nikasimama kwenye kona inayotazamana na duka, nikanyoosha mkono, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Watu walidhani nimeharibikiwa. Kisha mmoja akaniuliza ninaonyesha nini, nikamsimulia. Wa pili akauliza, nikamsimulia. Fundi alifunga kibanda akaja kusimama kando yangu, akasema mbele ya watu alichojua. Mchana Kapteni aliteremsha pazia la kioo. Jioni alinong'ona kupitia upenyo wa mlango: "Unataka nini, mama?"

"Uje hapa nilipo useme ulikuwa mkia na hukupita."

Alifunga mlango. Leo ni siku ya tano. Nakwenda saa mbili asubuhi na kurudi magharibi, na kila siku pazia linasogea kidogo, naliona jicho lake, na jicho hilo halijalala. Muuguzi huja na magongo yake kuniletea chai. Ananiuliza kama mkono hauchoki. Namwambia hauchoki hata kidogo, na huo ni ukweli.

Siondoki mpaka mkia apite. Kila neno hapa nimeliandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umelala juu ya meza, umenyooka, glavu haivuliki, na haujakunjika tangu Jumanne.